Skrini Iliyoganda Kwenye Arobaini na Moja

Skrini za hospitali zilipoganda, mimi nilikuwa Nyali, juu ya ngazi, nikirekebisha skrini ya tangazo la viatu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Muuguzi mkuu wa kliniki alinipigia simu akaniambia kwamba nambari kwenye skrini zao hazisogei, zote zimesimama kwenye arobaini na moja. Nikamuuliza kama picha ipo. Akasema ipo, nzuri kabisa, ila imekwama. Nikamwambia waziache vivyo hivyo, waite wagonjwa kwa mdomo kama zamani, nami nitakuja nikimaliza hapa.

"Ziacheni vivyo hivyo." Sidhani kuna neno jingine nililowahi kusema kazini ambalo limenirudia mara nyingi kama hilo. Ningeweza kumwambia azizime. Swichi ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka aliposimama. Sikumwambia kwa sababu skrini nane nyeusi katika ukumbi uliojaa watu zingeiaibisha kampuni yetu iliyozifunga, na skrini yenye picha, hata kama imeganda, mtu akiiona anadhani ni nzima. Tena pale Nyali mwenye duka alikuwa amesimama chini ya ngazi akinitazama. Nikamaliza viatu vyake kwanza. Halafu nikala. Nilivuka feri kama mtu asiye na haraka, nikafika Likoni karibu saa tisa alasiri.

Hospitali hiyo ni ya shirika la hisani. Sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, si lao. Zamani muuguzi alisimama mlangoni akaita majina, na ukumbi ni wa mabati, una feni kubwa sita na watoto wanaolia, kwa hivyo jina lililoitwa mbele lilifika nyuma limekatikakatika. Watu walikuwa wanasogeza mabenchi mpaka wanaziba mlango wa daktari. Ndipo tukaletwa sisi. Nilifunga skrini nane zenye njia nne: nambari za daktari, nambari za maabara, nambari za dirisha la dawa, na matangazo ya afya. Njia zote hizo zilitoka kwenye kompyuta moja tu, seva, niliyoiweka katika kachumba kando ya chumba cha kufulia mashuka. Nilijua moja ni hatari. Nilimwambia mkubwa wangu tuweke mbili, akasema moja inatosha, nami sikubisha. Nilikuwa mgeni kazini, na mwanamke pekee kati ya mafundi wake. Nilikuwa nimejifunza kuchagua mambo ya kubishania.

Siku ile nilipoingia ukumbini watu walikuwa wamepungua. Kwenye benchi la mbele kabisa palikuwa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, amevaa buibui, ameketi wima, mkoba mapajani, uso ameuelekeza kwenye skrini. Nilimwamkia nikipita. Hakunijibu. Nikadhani hakutaka maneno, watu wengine ugonjwa huwachosha, nikaenda zangu kwenye kachumba.

Seva haikuwa imekufa. Ingekufa ingekuwa afadhali. Programu yake ilikuwa imekwama katikati, inaendelea kutuma picha ile ile kwa skrini zote nane, kama mtu aliyepotewa na maneno akarudia sentensi moja. Nikaizima, nikaiwasha, nikasubiri. Ilipoamka ilisoma hesabu mpya kutoka kaunta ya wauguzi, na skrini zikaruka kutoka arobaini na moja hadi mia moja na kumi na mbili.

Nilisikia kishindo kabla sijafunga mlango wa kachumba. Nilipotoka, yule mama alikuwa sakafuni, na mfanyakazi wa usafi amempigia magoti akimshika kichwa. Baadaye aliniambia alivyoona: nambari iliporuka, yule mama aliinuka ghafla, akaitazama karatasi yake, akaitazama tena skrini, akapiga hatua mbili akaanguka. Karatasi ilikuwa bado mkononi. Ilikuwa nambari hamsini na saba.

Muuguzi alimchoma kidole akapima sukari. Ilikuwa imeshuka sana. Alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyekuja kupimwa damu kabla ya kula, akafika saa moja asubuhi, na tangu usiku uliopita hakuwa ametia chochote mdomoni ila dawa yake na maji. Wakampa glukosi, wakamlaza kitandani. Muuguzi mkuu alikuwa akilia. Alisema hamsini na saba aliita mara tatu, kwa sauti kubwa, na alipoona hainuki mtu akaikata kwenye orodha, akidhani mwenyewe amechoka kusubiri akaenda nyumbani.

"Huyu hasikii," akasema mfanyakazi wa usafi. "Hasikii kabisa. Nyinyi hamkujua?"

Hakuna mwingine aliyejua. Zamani alikuwa akija na jirani yake, na jirani ndiye aliyesikiliza jina. Tangu skrini ziwekwe alikuwa akija peke yake.

Walimlaza siku mbili. Siku ya pili nilikwenda kumtazama, na daftari la mistari mkononi, kwa maana nilikuwa nimeambiwa kwamba husema vizuri ila kujibiwa ni kwa kuandikiwa. Nilimkuta ameegemea mto anakula uji. Nikaandika "Shikamoo" nikamwonyesha. Akacheka kidogo, akaitika marahaba kwa sauti, sauti pana ya mtu aliyezoea kusikika.

Alikuwa mwalimu. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, huko huko Likoni, mpaka alipopata homa ya uti wa mgongo. Homa ilipompungua masikio yalikuwa yamekwenda nayo. Alinieleza haya bila kujihurumia, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Nami nikaandika kwamba mimi ndiye fundi wa skrini, nimekuja kumwomba radhi.

Akasoma. Kisha akasema, "Ingezima, ningeuliza. Ningemshika mtu mkono nikamwambia, mwanangu, mimi sisikii, nitazamie nambari yangu. Lakini nalikuwa naiona kwa mato yangu, arobaini na moja, arobaini na moja. Nikasema labda huyo mgonjwa wa arobaini na moja yuko katika hali mbaya, daktari hawezi kumwacha. Nikawa namwombea."

Alikuwa amekaa kwa muda wa saa tano akimwombea mtu ambaye alikwisha kupewa dawa zake akaenda nyumbani.

Ningeweza kuishia hapo, kuomba radhi na kuagana. Lakini nikaandika na lile jingine: kwamba nilipigiwa simu saa nne, kwamba ningeweza kusema zizimwe, kwamba nilisema ziachwe. Niliandika vibaya, akanirudishia daftari niandike upya. Aliposoma mara ya pili aliufunga ukurasa, akaweka daftari juu ya shuka, akageuza uso dirishani. Nilikaa. Mwishowe akaniambia niende, nije siku nyingine.

Wiki ile ile msimamizi wa hospitali aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, mpole lakini asiyezunguka maneno, na barua alikuwa amekwisha kuiandika: skrini zote ziondolewe, wauguzi warudi kuita kwa mdomo. Alisema mdomo haugandi. Nilimwomba wiki tatu tu, nimwonyeshe kitu, na kama hakitamridhisha nitaziteremsha skrini mwenyewe. Akasema atafikiri.

Hakufikiri sana, kwa sababu siku mbili baadaye yule mama alitokea mlangoni kwake. Habari zilikuwa zimemfikia kwa mfanyakazi wa usafi, ambaye ni mwenyeji mwenzake wa Mtongwe. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuchukua vifaa vyangu, nikasikia kila neno, maana alikuwa akisema kama yuko mbele ya darasa.

"Nimeambiwa mwaziondoa," alisema. "Mkiziondoa mimi nitarudi kuletwa na jirani kama furushi. Yeye ana mambo yake, nami naona haya. Hizi skrini ndizo zilizonipa kutoka nyumbani peke yangu. Msiziondoe. Zifanyeni ziseme kweli."

Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi akamsogezea. Sikukiona. Yule mama akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka bila kunitazama. Barua haikutumwa. Wiki tatu nikapewa.

Nilimweleza mkubwa wangu yote, na ile simu ya saa nne pia. Nilitarajia kufukuzwa. Alizungusha kalamu mezani, kisha akasema kwamba lile la moja inatosha ni neno lake, si langu. Akaniruhusu kuchukua seva ya pili, iliyokuwa ya majaribio pale ofisini.

Kazi niliyofanya katika wiki zile si ya ajabu, wenzangu wa mitambo wataielewa kwa sentensi mbili. Seva ya pili niliiweka mbali na ya kwanza, upande mwingine wa jengo, ikapata waya wake wa umeme na waya wake wa mtandao, ili lililoipata moja lisiipate nyingine. Ya kwanza ikawa inaiambia ya pili kila sekunde kwamba iko hai na inafanya kazi. Ikinyamaza sekunde tatu, ya pili inashika usukani wa njia zote nne. Lakini jambo lililonichukua siku nyingi zaidi lilikuwa skrini zenyewe. Nilitaka kila skrini ijue saa. Ikipita dakika moja bila kupata habari mpya kutoka seva yoyote, isiendelee kuonyesha nambari iliyopitwa na wakati. Iwe nyeusi, na iandike kwa herufi kubwa kwamba haifai kutegemewa.

Sikuthubutu kumwalika yule mama. Aliyemwalika ni muuguzi mkuu. Alasiri ya majaribio nilimkuta ameketi benchi lile lile la mbele, mkoba mapajani, na karatasi yenye nambari ishirini na tano. Nilimwandikia mpango wangu: nitachomoa seva ya kwanza, atazame kama ataona tofauti.

"Usinambie wachomoa saa ngapi," akasema. "Ukinambia nitaona hata lisilokuwepo."

Nikaenda kwenye kachumba, nikangoja, nikachomoa. Niliporudi alikuwa anacheka.

"Imerudi nyuma," akasema. "Ilikuwa ishirini na tatu, sasa ni kumi na tisa. Hawa wanne watatibiwa mara mbili?"

Ni kweli. Seva ya pili ilikuwa ikinakili hesabu ya ya kwanza kila baada ya dakika chache, kwa hivyo iliposhika kazi ilikuwa na habari za jana, kama tusemavyo sisi. Mimi nilikuwa nimejaribu ofisini mara kumi na mbili nisilione hilo, kwa sababu ofisini nilikuwa natazama kama picha ipo. Yeye alikuwa anatazama nambari. Nilifungua kompyuta yangu pale pale benchini, kando yake, nikabadilisha ili kila nambari mpya iandikwe kwenye seva zote mbili kabla haijatokea kwenye skrini. Ilinichukua karibu saa nzima. Alinunua mahamri mawili nje ya geti, akanipa moja. Nikala kwa mkono mmoja, mwingine ukiandika.

Mara ya pili nilichomoa, nikarudi, nikakaa. Baada ya muda akaniuliza mbona sijakwenda kuchomoa. Nikamwandikia kwamba nimekwisha. Alinitazama, akatazama skrini, ambayo ilikuwa ikitoka ishirini na nne kwenda ishirini na tano, nambari yake.

Mara ya tatu nilizichomoa zote mbili. Skrini nane zikaganda dakika moja, kisha zikazima pamoja, na maneno yangu yakatokea. Yule mama akafanya kile ambacho mgonjwa angefanya: akainuka, akaenda dirishani, akamwonyesha muuguzi karatasi yake na kumwambia kwamba yeye hasikii. Muuguzi akamshika mkono. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama. Tangu wiki iliyofuata kukawa na amri kwamba, skrini ziwe nzima zisiwe nzima, kila saa muuguzi mmoja apite kati ya mabenchi atazame karatasi za watu na nyuso zao. Amri hiyo ipo hata sasa. Wauguzi wananiambia imewaonyesha mengi, si viziwi tu.

Nilidhani majaribio yamekwisha. Lakini yule mama alirudi mbele ya skrini akasimama, mikono nyuma, akisoma maneno yangu. Nilikuwa nimeandika: SKRINI HII HAIFANYI. ULIZA NURSE.

"Haifanyi nini?" akaniuliza.

Nikaandika: kazi.

"Basi ipe kazi yake. Na huyo nurse ana jina kwa Kiswahili, analijua hata yeye mwenyewe. Na hawa ni wagonjwa, usiwaamrishe, waombe." Akanyoosha mkono nimpe daftari. Akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imekaa mahali pake: Skrini hii imesimama. Tafadhali muulize muuguzi.

Mimi nilizaliwa Changamwe. Baba yangu alitoka bara kuja kufanya kazi kiwandani, nyumbani tulisema lugha ya kwetu, na Kiswahili changu nilikiokota njiani, shuleni na kwenye vituo vya basi. Sikuwahi kuona haya kwacho. Siku hiyo niliona haya kidogo, na nilifurahi pia, kwa sababu mtu hasahihishi daftari la mtu aliyemkatia tamaa. Aliponirudishia kalamu ndipo nikajua kwamba ile siku nyingine aliyoniambia nije ilikuwa imefika.

Basi akaanza na njia ya nne. Matangazo ya afya tulikuwa tumeyapokea yameandikwa na mtu wa mbali, maneno marefu ambayo hata mimi sikuyaelewa, na hakuna aliyeyasoma. Watu walikuwa wakikaa chini ya skrini hiyo kwa ajili ya feni iliyo karibu. Yule mama aliomba apewe yote yaliyochapishwa. Nilimpelekea nyumbani kwake Mtongwe, nyumba ndogo yenye baraza safi, akayasoma na kalamu nyekundu. Palipoandikwa "akina mama wajawazito wanahimizwa kuhudhuria kliniki kwa mujibu wa ratiba iliyoainishwa" akakata yote, akaandika: "Mama mjamzito, njoo kliniki kila unapoitwa, hata kama huumwi." Tulibishana juu ya neno chandarua, nikasema watu wa kwetu husema neti. Akaniambia tuandike yote mawili, maana mbu hachagui lugha.

Kidogo kidogo watu walianza kuhamia upande wa skrini hiyo. Niliwaona wakisomeana. Bibi mmoja asiyejua kusoma alimvuta mwenzake mkono amsomee tena tangazo la dawa ya minyoo. Msimamizi alimtengenezea yule mama kitambulisho cha hospitali chenye picha, na chini yake maneno mhariri wa matangazo, naye alikivaa shingoni juu ya buibui kila alipokuja, hata siku za kuja kupimwa sukari.

Msimu wa masika, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, nilipata ujumbe wa seva ya pili kwenye simu nikiwa nyumbani Kiembeni, najiandaa kwenda kazini. Seva ya kwanza ilikuwa imenyamaza. Safari hii sikula kwanza. Nilifika Likoni nimelowa mpaka viatu, nikakimbilia kachumba, nikaona maji yamepita kwenye dari yakaingia moja kwa moja ndani ya mtambo. Uliungua tangu alfajiri, haukuwa wa kutengenezwa tena.

Nilitoka nikaingia ukumbini nikitarajia vurugu. Mabenchi yalikuwa yamejaa na nambari zilikuwa zikisogea. Dirisha la dawa lilikuwa kwenye sitini na nne, maabara kwenye thelathini, na kwenye njia ya nne kulikuwa na tangazo la kuchemsha maji ya kunywa. Nilimuuliza muuguzi mkuu kama wameona tatizo lolote asubuhi hiyo. Akaniuliza tatizo gani.

Yule mama alikuwepo, na kitambulisho chake. Nikakaa kando yake, maji yakinidondoka, nikatoa daftari nikamwandikia kwamba seva ya kwanza imekufa tangu alfajiri, haifufuki.

Akasoma. Akatazama skrini moja, na nyingine, akageuka akatazama watu waliokaa nyuma yetu, mmoja akisinzia, mmoja akimnyonyesha mtoto.

"Na mbona hapana anayelia?" akasema.

Nikacheka mpaka watu wakanitazama. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba akatoa kanga, akanifunika mabegani nisipate baridi, kisha akanyoosha kidole kwenye tangazo la maji ya kuchemsha na kuniambia kwamba katika mstari wa pili nimesahau nukta.